Jua Kali Mahali pa Baridi

Mhadhara uliotolewa Mweiga, Kaunti ya Nyeri, mbele ya wakulima, mafundi wa mjengo, vibarua na waendesha boda boda



Mtu wa Lodwar akisikia kwamba Mweiga kuna mhadhara wa joto, atacheka hadi ashike mbavu. Kwake nyuzi 35 mchana si habari. Sisi huku tunalala na blanketi mbili, Julai tunaingiza jiko la makaa chumbani (hatari hiyo nayo ina mhadhara wake), mashariki tuna Mlima Kenya wenye theluji na magharibi Nyandarua yenye ukungu. Nani amekufa kwa joto hapa? Ndilo swali nililoulizwa mada hii ilipotangazwa, na ni swali la haki. Nitalijibu polepole, kwa sababu sehemu ya jibu ni kwamba anayekufa kwa joto mara nyingi huandikiwa kitu kingine.

Tuanze na kipimo. Redio ikisema kwamba Nyeri leo itafika nyuzi 27, nambari hiyo imechukuliwa kivulini. Kipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya nyasi, karibu na kimo cha kifua cha mtu. Hakuna kibarua anayefanya kazi ndani ya kisanduku hicho. Anayepigilia mabati juu ya paa, anayeng'oa vitunguu katika shamba lisilo na mti, anayechonga mawe ya kujengea, huyo anapigwa na jua kutoka juu, kisha anapigwa tena na joto linalorudi kutoka kwenye bati, udongo au jiwe. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani huwaonya watu wao kwamba kusimama kwenye jua la moja kwa moja kunaweza kuufanya mwili uhisi hadi nyuzi 8 zaidi. Ongeza 8 juu ya 27 uone kama mtu wa Lodwar bado anacheka. (Naye akitoka kivulini, bila shaka, hesabu yake inapanda vilevile.)

Pili, tuko kwenye ikweta na tuko juu. Mstari wenyewe unapita Nanyuki, hapo jirani. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua la saa sita hukaa utosini kabisa, kivuli chako kikaingia chini ya viatu. Na kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, ile miale inayochoma ngozi na macho huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Mweiga iko juu ya mita 1,800. Baridi ya hewa haiipunguzi miale hiyo hata chembe, na mawingu mepesi huiacha ipite kwa wingi. Ndiyo maana mtu hushinda shambani siku ya mawingu, akiwa na sweta, jioni akashangaa midomo imepasuka na macho yanawasha kama yametiwa mchanga.

Tatu, na hili ndilo linalotudanganya zaidi, hewa ya Kieni, eneo letu hili, ni kavu. Mvua ya mlima hutushukia kidogo, upepo hautulii, na Januari na Februari udongo huwa vumbi tupu. Mtu akitoka jasho Mombasa shati humgandia mgongoni, kila mtu akaliona. Hapa jasho hukauka kabla halijaonekana. Kijana amepoteza lita mbili tangu asubuhi, ngozi yake imekauka vizuri, anakuambia hajatoka jasho kabisa. Ukimtazama shingoni utaona chumvi nyeupe kwenye ukosi. Hiyo chumvi ndiyo stakabadhi.

Sasa nije kwenye mwili wenyewe, maana watu wengi huamini kwamba joto ni kitu kinachotoka mbinguni tu. Misuli inapofanya kazi, karibu robo tatu ya nguvu inayochomwa haiendi kwenye jembe wala kwenye karai la zege. Inabaki mwilini kama joto. Anayechimba mtaro amebeba jiko lake ndani. Mwili unataka kubaki karibu na nyuzi 37, na ukipita 40 ubongo huanza kuharibika. Njia kubwa ya kulitoa joto hilo ni jasho, lakini si jasho linalotiririka na kudondoka chini. Ni lile linalokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka huchukua joto ambalo lingetosha kuchemsha lita saba za maji baridi ya mto hapa Mweiga. Ni mtambo wa ajabu. Ila mtambo huo unataka maji, unataka hewa ifike kwenye ngozi, na unataka wakati wa kupumzika ili moyo, ambao unasukuma damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa mkupuo mmoja, upate nafuu.

Maji, hewa, muda. Kipi kati ya hivyo vitatu kiko mikononi mwa kibarua?

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafunzo mengi ya joto niliyowahi kuyasikia. Hufundisha mfanyakazi kunywa maji, kuvaa kofia na kusikiliza mwili wake, kana kwamba mfanyakazi ndiye anayeshika saa. Mtu anayelipwa kwa kreti au kwa mstari hahitaji nyapara, maana amekuwa nyapara wa nafsi yake. Dakika kumi za kivuli ni mistari miwili ya kupalilia, na mistari miwili ni unga wa jioni. Mwambie apumzike akichoka, atakuitikia kwa adabu, halafu ataendelea. Nami nisingemlaumu. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba katika Afrika asilimia 92.9 ya wafanyakazi hukumbana na joto la kupita kiasi kazini. Karibu wote. Wote hao hawawezi kuwa wazembe wasiojua kunywa maji.

Kwa hiyo maneno yangu mengi leo ni ya mwenye shamba, mwenye mjengo na foromeni. Wafanyakazi watanisamehe, au labda watafurahi.

Kuna mfano nitakaoutumia kwa sababu unazungumza lugha ya pesa. Huko El Salvador, Amerika ya Kati, wakata miwa vijana, wasio na kisukari wala presha, wamekuwa wakifa kwa figo kwa miaka mingi. Sababu zote hazijakubaliwa, lakini kazi nzito katika joto bila maji ya kutosha imo katikati ya mjadala. Katika msimu wa mavuno wa 2014 hadi 2015 watafiti walikubaliana na kiwanda kimoja kufanya jaribio. Wakata miwa wakapewa maji ya kubeba mgongoni, hema la kivuli linalohamishwa kadiri kazi inavyosonga, na mapumziko yaliyopangwa kwa saa, si kwa hisani. Wakapewa pia panga bora zaidi. Mwenye kiwanda alitarajia nini? Kwamba miwa itapungua. Kabla ya jaribio mtu mmoja alikata wastani wa tani 5.1 kwa siku, na baada yake alikata 7.3. Panga nalo lilichangia, nisifiche hilo. Lakini hata ukilipa panga sehemu yake, hakuna anayeweza kusema kwamba kivuli kilimfilisi tajiri.

Wanajeshi wa Marekani walifika hapo mapema zaidi. Katika miaka ya 1950, kambi ya mafunzo ya Parris Island ilikuwa inaangusha makuruta kwa joto, ndipo kikatungwa kipimo kinachochanganya joto la hewa, unyevu, jua na upepo. Kikifika kiwango fulani, mazoezi hupunguzwa au husimamishwa. Kama jeshi, ambalo kazi yake ni kuwafanya watu wawe wagumu, lilikubali kwamba ugumu hauna nguvu mbele ya joto, basi mjengo wa ghorofa mbili hapa barabarani unaweza kukubali pia.

Hapa kwetu mpango si mgumu. Kazi nzito ianze saa kumi na mbili na nusu, mwanga unapotoka, na iishe au ilegee saa sita. Najua mtanijibu kwamba asubuhi ya Mweiga ina baridi kali, umande uko juu ya kila jani, na watoto hawajaenda shule. Miaka ya nyuma mngeongeza tembo, maana njia za alfajiri kando ya msitu zilikuwa na hatari zake. Uzio wa Nyandarua, kilomita karibu 400, ulikamilishwa mwaka 2009 na hoja hiyo imepungua ingawa haijaisha. Umande ni kweli kwa baadhi ya mazao. Basi panga kazi kwa uzito: kuchimba, kubeba na kuchanganya zege asubuhi, halafu kuchambua, kufunga magunia na kupima mchana chini ya turubai. Kitunguu hakijali kimechambuliwa saa ngapi. Na kama ni lazima watu wawe juani saa saba mchana mwezi wa Februari, mapumziko ya dakika kumi hadi kumi na tano kila saa, kivulini, yawe ndani ya malipo. Yakiwa nje ya malipo, hayapo.

Maji. Anayefanya kazi nzito kwenye joto anywe kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, kabla kiu haijamwita, kwa sababu kiu huchelewa. Hiyo inakaribia lita moja kwa saa. Asizidi lita moja na nusu kwa saa hata akijisikia kishujaa, maana maji mengi kupita kiasi bila chumvi huzimua damu, na hilo nalo limewaua watu wazima wenye afya. Chumvi, kwa mtu anayekula githeri au ugali na mboga saa saba, inatosha kwenye sahani. Kwa aliyetapika, kuhara au kutoka jasho mchana kutwa, ule mchanganyiko ambao akina mama wanaujua kutoka kliniki ya watoto ni mzuri kwa baba pia: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Na chai? Nimesikia vijana wenye simu wakiwaambia wazee kwamba chai ya saa nne inakausha mwili. Waacheni wazee na strungi yao. Chai haikaushi mwili wa mtu aliyeizoea. Tena watafiti wa Ottawa, Kanada, walionyesha mwaka 2012 kwamba kinywaji cha moto huamsha jasho kiasi kwamba, pale hewa inaporuhusu jasho likauke lote, mwili hubaki na joto dogo zaidi kuliko kama mtu angekunywa kitu baridi. Kwa hewa kavu ya Kieni, babu na chai yake ana sayansi upande wake. Mshtakiwa ambaye sitamtetea ni mugoka, ile miraa ya majani. Unapandisha mapigo ya moyo na joto la mwili na kuiua ile hisia ya uchovu ambayo ndiyo king'ora chetu. Pombe ya jana usiku ni ndugu yake. Na anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza amuulize daktari kabla ya msimu wa jua. Asiviache mwenyewe.

Nimesema maji, lakini sijasema choo. Mwenye shamba mmoja aliwahi kunionyesha mtungi mkubwa wa maji safi, umejaa hadi shingoni, akilalamika kwamba wanawake wake hawanywi. Nikauliza choo kiko wapi. Kiko nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, na mbwa wamefunguliwa. Mama atakayetembea robo saa kwenda na kurudi huku analipwa kwa kilo hatakunywa maji, atakaa na kiu hadi jioni, na mwisho atapata maambukizi ya njia ya mkojo ambayo hakuna atakayeyahusisha na jua. Shimo moja, mabati manne na mlango unaofungika ni kinga bora ya joto kuliko kofia mia. Na kwa kuwa tuko hapo: mkojo mweupe au wa njano hafifu ni salama. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unadai. Mtoto aliyekuja na mama shambani asibaki mgongoni saa za kazi nzito. Joto la mama na la jua yanakutana kwake, naye hawezi kusema.

Kofia na nguo nitazipitia haraka, ingawa historia yake inachekesha. Walowezi wa Kizungu walioshika nchi hii walisadiki kwamba jua la ikweta lina miale maalumu inayoharibu ubongo na uti wa mgongo wa Mzungu. Walivaa helmeti nzito za jua, wengine kofia mbili moja juu ya nyingine, na kitambaa kinene, mara nyingi chekundu, kimeshonewa mgongoni kukinga uti. Hii yote kwa mtu aliyekuwa amepanda farasi. Aliyekuwa analima chini yake, kichwa wazi, alihesabiwa kuwa jua ni mali yake ya kuzaliwa. Nadharia ya uti wa mgongo imekufa. Ile ya pili, kwamba kuna watu walioumbwa wasisikie jua, naisikia bado midomoni mwa watu wetu wenyewe wanapozungumza juu ya vibarua wao. Ngozi nyeusi huzuia kuchomwa na miale kwa kiasi kikubwa, ni kweli. Haizuii figo kukauka.

Kofia basi iwe ya ukingo mpana kuzunguka pande zote, kama ile ambayo Baden-Powell, aliyezikwa hapo Nyeri mwaka 1941, aliwavisha maskauti. Kepu ya mitumba huacha masikio na shingo. Leso ya mama iliyoloweshwa maji na kufungwa shingoni inafanya kazi vizuri sana hapa kwa sababu ya ule ukavu niliousema. Shati liwe la pamba, mikono mirefu, pana. Upana una uzito kuliko rangi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, kanzu za Mabedui, nyeusi na nyeupe, zilipimwa jangwani, ikaonekana joto linalofika kwenye ngozi ni lile lile, kwa sababu hewa inapita chini ya kanzu pana na kulibeba. Vijana wa boda boda, jaketi lenu zito ni la upepo wa asubuhi, sikatazi, lakini mkiegesha saa saba lifungueni. Upepo wa mwendo ndio uliokuwa unawapoza, na sasa umekoma.

Kupiga dawa ndiko kunakonitisha. Kieni yetu ya vitunguu, kabeji na minji inapiga dawa kila wiki, na mavazi ya kujikinga na sumu, yale ya mpira na plastiki, yanaziba jasho kabisa. Watu huyavua. Kisha ngozi iliyoloa jasho na yenye mishipa iliyopanuka kwa joto huinywa sumu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo dawa ipigwe alfajiri au jioni, kamwe si mchana, na hapo hata upepo huwa mdogo. Akianguka mtu aliyekuwa amebeba pampu, tazama macho. Kuumwa kichwa, kutapika na jasho jingi vinaweza kuwa vya joto au vya dawa, lakini mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano, pamoja na mate yanayotiririka, ni dalili ya sumu. Mvue nguo, mwoshe, na chukua ile chupa ya dawa mwende nayo hospitali.

Huduma ya kwanza ya joto lenyewe nataka kila mmoja atoke nayo hapa. Anayechoka kwa joto huumwa kichwa, huona kizunguzungu, misuli hukakamaa, lakini anajijua. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji, asirudi kazini siku hiyo. Anayeanza kusema maneno yasiyoshikamana, kuwa mkali bila sababu, kupepesuka, kupata degedege au kuzimia, huyo ubongo wake unapikwa. Usisubiri ngozi iwe kavu, kwa maana anayepigwa na joto akiwa kazini anaweza kuwa bado anatoka jasho. Usimpe kitu mdomoni kama hajitambui. Usimpe Panadol, kwa kuwa hiyo hushusha homa, na hii si homa.

Mpoze. Mpoze hapo hapo alipo, kabla ya kutafuta gari. Hapa Mweiga tuna neema ambayo Lodwar hawana: maji yetu ni baridi. Mvue buti na nguo, mlaze juu ya turubai lile la kuanikia maharagwe, watu wanne washike pembe na kuziinua, mmwagieni maji ya tangi hadi yamfunike kiwiliwili, kichwa kikiwa juu, na mwendelee kuyakoroga. Kama maji ni haba, mloweshe mwili wote na kumpepea kwa nguvu. Lengo ni kulishusha joto ndani ya nusu saa. Wakati huo mwingine apige simu. Tabia yetu ya kumkaza majeruhi katikati ya watu wawili juu ya boda boda, akiwa na nguo zake zote, na kukimbia naye hadi Nyeri, humfikisha akiwa amechelewa.

Nirudi kwenye lile swali: nani amekufa kwa joto hapa? Mtu akianguka mtaroni saa nane, watu husema ni presha, ni moyo, alikuwa amekunywa, amerogwa. Joto haliachi jeraha. Daktari asiyeambiwa alikuwa anafanya nini na wapi ataandika moyo, na hatakuwa amedanganya, kwani moyo ndio uliosimama. Ila mwenye kazi anapata mlango wa kutokea.

Wazee wa mlima huu wanajua jinsi vifo vya kazini vinavyoweza kupewa sababu nyingine. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, kwenye joto la Tana River, wafungwa wa vita vya Mau Mau walitolewa kwa nguvu kwenda kuchimba mitaro ya umwagiliaji. Wengi wa wafungwa wa aina yao walikuwa watu wa nyanda hizi za baridi. Wanaume 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya kunywa maji ya mkokoteni uliokuwa pale kazini. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walipigwa hadi kufa. Silinganishi kipigo na jua, Mungu aepushe. Ninachosema ni kwamba mwenye mamlaka juu ya kazi asiachiwe peke yake kueleza kwa nini mfanyakazi amekufa. Kukitokea kifo, andikeni saa, kazi, muda aliokaa juani, maji yalikuwa wapi, na mmpe daktari karatasi hiyo.

Sheria ipo, ingawa haitaji nyuzi za joto. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwajiri kumrudisha penye hatari ambayo haijaondolewa. Kiwango cha joto cha kusimamisha kazi hakimo humo. Ningependa kaunti zetu ziweke hata katika zabuni zao ndogo za barabara na madarasa sharti la maji, kivuli na choo. Hilo halihitaji Bunge.

Nimalizie na wanaoshuka. Mafundi wetu huenda Isiolo, Garissa na Lodwar kujenga, wengine hushuka Mwea kupanda mpunga, na vijana wengi hapa wana viza za Ghuba mfukoni. Mwili hujifunza joto kwa wiki moja hadi mbili: huanza kutoka jasho mapema, hupoteza chumvi kidogo, na moyo hutulia. Ukirudi kwenye baridi, somo hilo husahaulika katika wiki chache. Mamlaka za Marekani zinazochunguza vifo vya kazini zinasema karibu nusu ya vifo vya joto hutokea siku ya kwanza ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Mgeni huangamia akijaribu kuwaonyesha wenyeji kwamba yeye si mlegevu. Kanuni ya kumpokea ni hii: siku ya kwanza apewe sehemu moja ya tano ya kazi ya kawaida ya juani, siku ya pili mbili ya tano, na kuendelea hadi siku ya tano.

Walio na safari ya Ghuba, wiki mbili kabla ya ndege fanyeni kazi au mazoezi mchana mkiwa mmevaa, na jioni mkae kwenye maji ya moto kiasi. Itasaidia. Huko sheria za mchana zipo: Oman kazi za nje husimama saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana mwezi wa Juni, Julai na Agosti. Umoja wa Falme za Kiarabu ni saa sita na nusu hadi saa tisa, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar ni saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, na saa yoyote kile kipimo cha Parris Island kikipita 32.1. Ziandikeni saa hizo kwenye simu zenu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mabinti mnaokwenda kazi za nyumbani, sheria hizo za mchana hazikutungwa kwa ajili yenu. Kuosha gari uani saa saba kunaweza kuamriwa, kwa hiyo ombeni mapema, kwa heshima, iwe kazi ya asubuhi. Na leso yenye maji niliyoisifu haitawasaidia sana Muscat, maana unyevu wa bahari huzuia jasho lisikauke. Huko dawa ni kivuli, feni, maji ya barafu na kuingia ndani.

Fundi wa Isiolo, kabla hujashika mwiko Jumatatu, mwambie foromeni umetoka Mweiga.

Sasa maswali. Tuanze na akina mama, kwa sababu najua ile habari ya choo haijaisha.